Ecce Homo: Askari Aliyepoteza Mguu na Picha Aliyoshindwa Kuimaliza



Kila Kwaresima tunasimama mbele ya picha za Njia ya Msalaba. Tunazijua kwa namba: kituo cha kwanza, cha pili, hadi cha kumi na nne. Tumezizoea kiasi kwamba mara nyingi tunapiga goti, tunaitikia, tunainuka na kusogea mbele bila kuzitazama. Macho yamepita, lakini hatujaona.

Katika makala hii tunapenda kuwaalika tuitazame picha moja tu, na tusiwe na haraka. Ilichorwa Poland katika karne ya 19, na inaitwa Ecce Homo, maneno ya Kilatini yenye maana ya "Tazama, mtu". Aliyeichora alikuwa askari aliyekatwa mguu akiwa na umri wa miaka 18. Baadaye akawa mchoraji mwenye jina, akaingia unovisi akashindwa, akaugua akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na mwishowe akavaa kanzu ya kijivu akaenda kuishi na watu wasio na makazi. Kanisa linamheshimu kama Mtakatifu Albert Chmielowski, na tunamkumbuka kila tarehe 17 Juni.

Tumeichagua picha hii kwa sababu haielezeki bila majeraha ya yule aliyeichora. Na majeraha hayo yanawagusa watu tunaoishi nao, seminarini na parokiani.

Nchi isiyokuwepo kwenye ramani

Adam Chmielowski alizaliwa tarehe 20 Agosti 1845 katika kijiji cha Igołomia, karibu na mji wa Kraków. Wakati huo Poland haikuwepo kwenye ramani. Majirani watatu wenye nguvu, yaani Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wameigawana mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, mpaka haikubaki hata shubiri moja ya ardhi yenye kujitawala. Lugha ilikuwepo, watu walikuwepo, Kanisa lilikuwepo, lakini dola haikuwepo.

Adam alifiwa na baba akiwa bado mtoto, na mama yake alifariki mwaka 1859. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba katika watoto wanne. Akapelekwa shule, na hatimaye akajiunga na chuo cha kilimo na misitu cha Puławy. Kama mambo yangekwenda kawaida, pengine angekuwa bwana shamba.

Lakini tarehe 22 Januari 1863 vijana wa Poland waliokuwa chini ya Urusi waliinuka dhidi ya utawala wa Tsar. Historia inayaita mapambano hayo Maasi ya Januari. Hawakuwa na jeshi kamili. Walijificha misituni, wengine wakiwa na bunduki za kuwindia, wengine wakiwa na miundu iliyofungwa kwenye mipini mirefu. Wanafunzi wa Puławy walikwenda, na Adam, mwenye miaka 17, alikwenda pamoja nao.

Siku ya Melchów

Tarehe 30 Septemba 1863, katika mapigano ya Melchów, kombora lililipuka karibu na Adam. Lilimuua farasi wake na kumvunjavunja mguu wa kushoto. Akaangukia mikononi mwa maadui. Mguu haukuweza kuokolewa, na ilibidi ukatwe chini ya goti. Ulikatwa bila dawa ya usingizi.

Tusipite hapa harakaharaka kwa sababu tu tunajua kwamba mwishoni mtu huyu atakuwa mtakatifu. Siku ile hakuwa mtakatifu wa kwenye picha ndogo za kuweka ndani ya Biblia. Alikuwa yatima wa miaka 18, amelala, mguu umekwenda, wenzake wamekufa, na vita vyenyewe vinaelekea kushindwa.

Vilishindwa kweli. Kufikia mwaka 1864 maasi yalikuwa yamezimwa. Watu walinyongwa, maelfu wakapelekwa Siberia, mashamba yakataifishwa, na nyumba nyingi za watawa zikafungwa. Askofu Mkuu wa Warszawa, Zygmunt Szczęsny Feliński, alipelekwa uhamishoni Urusi kwa miaka 20. Leo naye ni mtakatifu. Mwingine aliyeshiriki maasi hayo, Józef Kalinowski, alihukumiwa kazi ngumu Siberia, na baadaye akawa Mkarmeli kwa jina la Rafael wa Mtakatifu Yosefu. Naye pia Kanisa limemtangaza mtakatifu. Ardhi ileile iliyolowa damu ilitoa watakatifu kadhaa.

Adam alifanikiwa kwenda Paris, akapata mguu wa bandia. Msamaha ulipotolewa alirudi nyumbani. Tangu hapo, maisha yake yote, alitembea akichechemea.

Wachoraji wa mambo yalivyo

Akajaribu uhandisi nchini Ubelgiji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uchoraji. Mwaka 1870 alikwenda Munich, kusini mwa Ujerumani, ambako kulikuwa na chuo cha sanaa kilichovutia vijana wengi wa Poland. Huko alifahamiana na akina Maksymilian Gierymski, Józef Chełmoński na Stanisław Witkiewicz.

Tueleze kidogo vijana hawa walikuwa wakitafuta nini, maana bila hilo hatutaielewa Ecce Homo. Mchoraji mkubwa wa Poland wakati ule alikuwa Jan Matejko wa Kraków. Yeye alichora historia tukufu ya taifa kwenye turubai kubwa mno: wafalme, mabendera, farasi wa kivita, ushindi wa enzi za kale. Watu walioonewa waliziangalia picha zile wakapata nguvu. Lakini vijana wa Munich, ambao baadhi yao walikuwa wameviona vita kwa macho yao, walishindwa kuchora hivyo. Walichagua njia inayoitwa uhalisia: kuchora kitu kama kinavyoonekana, bila kukiongezea utukufu ambao hakikuwa nao.

Mfano mzuri ni picha ya Gierymski iitwayo Doria ya Wapiganaji, ya miaka ya mwanzo ya 1870. Gierymski naye alikuwa amepigana mwaka 1863. Ungetarajia upanga ukimetameta na adui akianguka. Badala yake tunaona wapanda farasi wachache kwenye barabara tupu, nchi tambarare, na anga pana la kijivu. Hakuna shujaa anayetutazama, ila watu waliochoka wakiwa kazini.

Witkiewicz, kwa upande wake, alikuja kuwa mtetezi mkuu wa uhalisia katika maandishi. Alishikilia kwamba mada kubwa haifanyi picha kuwa nzuri; mtu anaweza kumchora mfalme vibaya na kuchora kichwa cha kabichi vizuri. Mwaka 1881 yeye mwenyewe alichora picha aliyoiita Mpiganaji Aliyejeruhiwa. Tuukumbuke mwaka huo, tutaurudia.

Chmielowski aliishi katikati ya watu hawa. Baada ya Munich, baadhi yao walikuwa na chumba kimoja cha kuchorea katika Hotel Europejski mjini Warszawa. Alichora mandhari ya jioni, bustani, makaburi, na wapiganaji wa mwaka 1863 pia. Lakini yeye, mwenye jeraha la kweli, hakujipatia jina kwa kulichora jeraha lake. Hakulifanya mtaji. Na swali moja lilikuwa likimsumbua, ambalo alimwandikia rafiki yake katika barua: je, mtu anaweza kuitumikia sanaa na wakati huohuo akamtumikia Mungu? Mwaka 1876 alichapisha insha kuhusu kiini cha sanaa, akieleza kwamba kazi ya sanaa ni roho ya msanii inayojidhihirisha. Akilishika neno hilo kwa dhati, basi lazima ajiulize: roho yangu mimi inadhihirisha nini?

Sasa tuitazame picha

Alianza kuichora Ecce Homo mwaka 1879. Ni picha ya rangi za mafuta, iliyosimama wima, karibu mita moja na nusu kwenda juu. Tukio lake tunalijua kutoka Injili ya Yohane, sura ya 19. Yesu amepigwa mijeledi. Askari wamemvika taji la miiba na joho la kifalme ili kumdhihaki. Pilato anamtoa nje na kumwonyesha kwa umati.

Wachoraji wengi waliochora tukio hili walijaza watu: Pilato kwenye ngazi, askari wenye mikuki, makuhani, umati unaopiga kelele. Chmielowski aliwaondoa wote. Amebaki Yesu peke yake, mbele ya giza. Na kwa kuwa Pilato hayupo na umati haupo, nafasi ya umati tunaichukua sisi tunaotazama. Ni sisi tulioonyeshwa mtu huyu.

Tuanzie juu. Uso ni mrefu, umechoka, macho yameinama na kukaribia kufumba. Hatulaumu. Hatuombi huruma. Katika picha nyingi takatifu tunazozijua, macho ya Yesu yanatufuata kila tunakokwenda, hapa hayatutafuti. Ni uso wa mtu aliyepigwa mpaka hana nguvu ya kuinua macho. Yeyote aliyemuuguza mgonjwa aliyekaribia mwisho ameuona uso wa namna hii.

Tushuke kidogo. Kifua kiko wazi. Joho jekundu limetupwa mabegani, na hapa kuna jambo ambalo wengi waliokaa mbele ya picha hii wameligundua: namna joho linavyoanguka na kuzunguka mwili, linachora umbo la moyo. Halikuwekwa kwa kelele. Unaweza kuitazama picha mara kumi bila kuliona, kisha mara ya kumi na moja ukaliona, na tangu hapo huwezi tena kuacha kuliona. Ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, tunayoifahamu sana katika parokia zetu, imo humo bila kupachikwa juu.

Mikono imefungwa, na imeshika mwanzi, fimbo ya ufalme wa dhihaka. Na tukifika sehemu ya chini, tunakuta jambo la ajabu: rangi inakuwa ya harakaharaka, kana kwamba mchoraji alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hapa uhalisia aliojifunza Munich umefika mahali ambapo Gierymski na Witkiewicz hawakuufikisha. Wao walikataa kumpamba askari. Chmielowski amekataa kumpamba Mwana wa Mungu. Amemchora akiwa mtu aliyejeruhiwa kweli, kwa sababu Imani yetu inasema alijeruhiwa kweli. Ukimpamba, umelipunguza fumbo la Umwilisho.

Mchoraji anaanguka

Tungependa kusema kwamba baada ya kuanza picha hii alipanda moja kwa moja kuelekea utakatifu. Haikuwa hivyo.

Mwezi Septemba 1880 aliingia unovisi wa Wajesuiti huko Stara Wieś. Alikuwa na miaka 35. Aliingia kwa furaha, akidhani hatimaye amepata jibu la swali lake la miaka mingi. Haikufika miezi saba. Alishikwa na hofu kubwa ya dhamiri, akijiona ni mwenye dhambi asiyeweza kusamehewa, asiyestahili kukaribia sakramenti. Leo tungesema alikuwa na sonona kali. Mwezi Aprili 1881 aliondoka unovisini, na baada ya siku chache akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kulparków, karibu na Lwów, mji ambao leo unaitwa Lviv na uko Ukraine. Alikaa humo takribani miezi tisa.

Turudi sasa kwenye ule mwaka 1881. Ndio mwaka ambao rafiki yake Witkiewicz alichora Mpiganaji Aliyejeruhiwa. Hatusemi kwamba Witkiewicz alimchora yeye. Tunasema tu kwamba mwaka uleule ambao taifa lilipata picha hiyo, mpiganaji mmoja aliyejeruhiwa kwelikweli alikuwa wodini, kimya, haongei na watu, na jeraha lake la pili halikuwa la kuchoreka. Mguu uliokatwa watu waliuheshimu. Ulikuwa mguu wa shujaa. Lakini ni nani anayemheshimu mtu aliyetoka unovisini na kwenda hospitali ya akili?

Alitolewa hospitali mwezi Januari 1882 akiwa bado hajapona. Mdogo wake, Stanisław, alimchukua akamweka nyumbani kwake, kijijini Kudryńce, pande za Podolia. Hakuwa na dawa ya kumpa. Alimpa chumba, chakula, na muda. Inasimuliwa kwamba siku moja, katika mwezi wa Agosti, Adam aliwasikia ndugu yake na paroko wakizungumza chumba cha pili juu ya huruma ya Mungu. Hawakuwa wakimhubiria. Akasimama, akaenda kwa padre kuungama. Aliporudi alikuwa mtu mwingine; akaanza tena kula, kuongea, na kuchora.

Kutoka turubai hadi nyumba ya kuotea moto

Baada ya kupona alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Alizunguka vijijini Podolia akitengeneza picha za makanisa na misalaba ya njiani iliyochakaa. Mwaka 1884 alihamia Kraków. Alichora, akauza, na fedha alizopata akawapa maskini. Ecce Homo alikuwa nayo bado, na haikuwa imekwisha.

Kraków ilikuwa na nyumba za manispaa za kuotea moto, ambamo wasio na makazi walijisetiri usiku wa baridi ili wasife kwa kuganda. Zilikuwa chafu na zimejaa kupita kiasi. Humo mlikuwa na chawa, ulevi, wizi na ngumi. Watu wa heshima walitoa sadaka zao kwa mbali. Chmielowski aliingia, akaona. Na aliyekuwa amekaa miaka kadhaa akiutazama uso wa Yesu aliyepigwa, akijiuliza auchoreje, aliukuta umekaa sakafuni.

Tarehe 25 Agosti 1887 alivaa kanzu ya kijivu ya kitambaa duni na kuitwa Bruda Albert. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, aliweka nadhiri mbele ya Askofu Albin Dunajewski. Tarehe 1 Novemba 1888, sikukuu ya Watakatifu Wote, kwa makubaliano na manispaa, alikabidhiwa nyumba ya kuotea moto ya wanaume. Hakuwa mkurugenzi anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Alihamia humo. Alilala walipolala, alikula walichokula. Waliokuwa na nguvu aliwapa kazi, ikiwemo karakana ya kutengeneza samani za mbao za kukunjwa, ili wapate riziki kwa jasho lao na kurudishiwa heshima. Mwenye shida hakuulizwa dini yake mlangoni.

Wengine walimfuata, na ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Mabruda wa Kialberti. Mwaka 1891 likaanza la Masista, ambalo baadaye liliongozwa na Mwenye heri Bernardyna Jabłońska. Wosia wake unaojulikana zaidi ni kwamba inafaa mtu awe mwema kama mkate, uliowekwa mezani kwa ajili ya wote, kila mwenye njaa akate kipande chake.

Alifariki ndani ya nyumba ya maskini mjini Kraków tarehe 25 Desemba 1916, siku ya Noeli.

Safari ya picha

Na ile picha? Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa Kigiriki wa Lwów, Andrey Sheptytsky, aliipenda sana, akaiomba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bruda Albert alimpa, baada ya kumalizia kwa haraka sehemu iliyokuwa imebaki. Ndiyo maana upande wa chini unaonekana kama tulivyoueleza. Mtu aliyekuwa akiogesha wagonjwa na kuombaomba chakula cha watu wengi hakuwa na muda wa kulainisha mikunjo ya joho.

Picha ilibaki Lwów kupitia vita viwili vya dunia. Mji ukaingia chini ya utawala wa Kisovyeti, na picha ya Kristo mwenye taji la miiba haikuwa kitu cha kuonyeshwa. Mwaka 1978 ilirudi Kraków kwa kubadilishana na picha nyingine. Leo iko juu ya altare kuu ya kanisa la Ecce Homo la Masista wa Kialberti. Chini ya altare hiyohiyo yamewekwa masalia ya Mtakatifu Albert. Anayeadhimisha Misa hapo anasimama kati ya Kristo aliyejeruhiwa, juu, na askari aliyejeruhiwa, chini, na mkononi ameshika mkate.

Mwigizaji aliyemfuata

Kuna kijana mwingine wa Poland aliyeguswa na historia hii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akipenda mashairi na tamthiliya, na alikuwa anapambana na swali lilelile: sanaa au altare? Jina lake Karol Wojtyła. Aliandika tamthiliya juu ya Bruda Albert, akaipa jina Ndugu wa Mungu Wetu. Baadaye alikiri kwamba wakati alipokuwa anaachana na jukwaa ili afuate wito wa upadre, Bruda Albert alikuwa kwake tegemeo la pekee la kiroho. Alipokuwa Papa Yohane Paulo II, alimtangaza Mwenye heri mjini Kraków tarehe 22 Juni 1983, na Mtakatifu mjini Roma tarehe 12 Novemba 1989. Mwaka uliofuata, Septemba 1990, Papa huyohuyo alikuja Tanzania. Waliomwona hapa kwetu walimwona mtu ambaye wito wake ulipitia mlango uliofunguliwa na mchoraji wa mguu mmoja.

Inatuambia nini sisi

Sisi tunaoishi katika nyumba ya malezi tunajua jambo ambalo halisemwi sana. Kila mwaka kuna kitanda kinachobaki kitupu. Mwenzetu ameondoka: ameona si wito wake, ameshauriwa aondoke, au ameugua. Tunamsindikiza na sanduku lake hadi kituo cha basi, tunamwahidi kumpigia simu. Kisha ratiba inaendelea, na simu hatupigi.

Na kule parokiani, ambako alichangiwa sare na nauli, anapokelewaje? Mara nyingi kwa minong'ono. "Huyo alifukuzwa." "Lazima kuna kitu alifanya." Mama yake anaanza kukwepa mkutano wa Jumuiya. Ikiwa ameugua akili, mambo ni mabaya zaidi: wengine wanasema amerogwa, wengine kwamba hasali vya kutosha. Hospitali inakuwa aibu ya ukoo.

Tukiitazama Ecce Homo baada ya kuijua historia ya aliyeichora, minong'ono hiyo inatushtaki. Wajesuiti walimpoteza mnovisi, lakini Mungu hakumpoteza. Kuondoka kwake kulikuwa maumivu, wala hatupaswi kuyapamba maumivu hayo kama vile wenzake wa Munich walivyokataa kupamba vita. Sonona ni ugonjwa. Alihitaji hospitali, na alikwenda. Alihitaji kitubio, na alikipata. Ila kati ya hospitali na kitubio kulikuwa na miezi kadhaa ambayo hakuna aliyejua mwisho wake, na katika miezi hiyo kilichomshikilia ni ndugu aliyempa chumba bila kumsimanga. Hatuna sanamu ya Stanisław Chmielowski katika makanisa yetu. Lakini bila Stanisław, pengine tusingekuwa na Mtakatifu Albert.

Kwa waseminari kuna neno la pili. Tunajifunza Kristolojia, tunaandika insha juu ya Umwilisho, tunapewa alama. Ni kazi njema, nasi tunaihitaji, kama Chmielowski alivyohitaji chuo cha Munich. Lakini yeye alimsoma Kristo kwa brashi kwa miaka mingi, na masomo hayo yakamfikisha kwa watu wenye chawa. Tukimaliza miaka ya teolojia na bado tunaziba pua mbele ya maskini anayekuja kugonga mlango wa nyumba ya mapadre, basi tumeitazama picha bila kumwona mtu.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika Jumuiya

1. Je, kuna mtu aliyetoka seminarini au utawani katika parokia yetu ambaye hatujawahi kumtembelea? Tunaweza kwenda lini?

2. Katika familia zetu, mgonjwa wa akili anakaa wapi wageni wanapokuja?

3. Ijumaa hii, tukichagua kituo kimoja tu cha Njia ya Msalaba na kukitazama kwa dakika kumi bila kusema neno, tutaona nini ambacho hatukuwa tumekiona?

Mtakatifu Albert Chmielowski, utuombee.